Unataka kufundisha chuo kwa njia ya mtandao? Anza na shahada

Wasikilizaji wetu wengi wanatuuliza kama mtu aliyeko kijijini anaweza kufundisha wanafunzi wa chuo kupitia intaneti bila kuhamia mjini. Inawezekana, ila hapa Tanzania sifa za mwalimu wa mtandaoni zinaanzia palepale zinapoanzia za mwalimu wa darasani.

Elimu inayotakiwa

Vyuo vikuu vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vya umma kwa kawaida hutaka shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwa ngazi ya kuanzia. Kwa mhadhiri msaidizi hutakiwa pia shahada ya umahiri yenye GPA isiyopungua 4.0. Mhadhiri kamili huwa na shahada ya uzamivu. Vyuo vya kati, vinavyotoa astashahada na stashahada, viko chini ya NACTVET.

Kama ulisoma nje ya nchi, peleka vyeti vyako TCU vitambuliwe kwanza.

Ujuzi wa mtandao

Baada ya shahada, jifunze kuandaa somo la mbali: kurekodi mhadhara mfupi, kuandika maelekezo yanayoeleweka bila wewe kuwepo, kutunga majaribio na kujibu maswali kwa wakati. Vyuo vingi hutumia programu ya Moodle, ambayo ina mafunzo ya bure mtandaoni. Kumbuka pia kwamba mwanafunzi wako huenda ana bando dogo. Somo la maandishi linafunguka kwa urahisi kuliko video ndefu.

Mfano wa nyumbani

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994. Kina vituo mikoani, hivyo unaweza kusomea shahada ukiwa bado shambani au kazini, na hapohapo ukaonja maisha ya mwanafunzi wa mbali. Uzoefu huo utakusaidia siku ukiwa mwalimu.

Usiuze mbuzi kwa ahadi

Ukiambiwa kwamba cheti cha wiki chache kitakufanya mhadhiri wa mtandaoni, shika pochi yako. Cheti cha namna hiyo huongeza ujuzi, lakini hakishiki nafasi ya shahada. Kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kimo kwenye orodha ya TCU au NACTVET, iliyopo kwenye tovuti zao. Na kazi za vyuo vya umma huombwa bure kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Anayekudai pesa ili akupe nafasi ni tapeli, hata akijua jina lako lote.

Ndugu msikilizaji, ukiwa na kijana anayefikiria njia hii, msomee makala haya kabla hajatuma hata shilingi.