Tech Model Railroad Club

Tech Model Railroad Club, kwa kifupi TMRC, ni klabu ya wapenzi wa reli za mfano katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), mjini Cambridge, Marekani. Ilianzishwa katika mwaka wa masomo wa 1946–1947. Wanachama wake wamejenga reli kubwa mbili: ya kwanza katika Jengo la 20, iliyodumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, na ya pili katika jengo la N52. Sifa ya klabu imetokana hasa na mfumo wa ajabu wa umeme uliokuwa chini ya meza ya reli ya kwanza. Baadhi ya vijana walioujenga na kuutunza walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuzama katika uandishi wa programu za kompyuta.

Makao

Jengo la 20 lilisimamishwa mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ili kuwapa nafasi watafiti wa rada. Lilikuwa jengo la mbao, la haraka, lililokusudiwa kuondolewa vita vikiisha. Uhaba wa nafasi chuoni ulilifanya lidumu miaka 55. Kwa kuwa lilihesabiwa kuwa la muda, waliokaa humo walijiamulia mambo ambayo yasingekubaliwa katika majengo ya kudumu: walitoboa kuta na sakafu, wakapitisha nyaya walikotaka, wakahamisha vizuizi bila kuomba kibali. TMRC ilipata chumba 20E-214. Kwa klabu iliyohitaji kutandaza nyaya kila upande, makao bora zaidi yasingepatikana.

Reli ya Jengo la 20

Skeli na njia

Reli ilijengwa kwa skeli ya HO, ambayo ni 1:87. Njia ya reli ya upana wa milimita 1,435, ndiyo ya kawaida Marekani, inakuwa milimita 16.5. Behewa la abiria la mita 26 linakuwa na urefu wa sentimita 30 hivi.

Umeme na uendeshaji

Katika reli za mfano za aina hii, kichwa cha treni hubeba mota ndogo inayopokea umeme kupitia magurudumu: reli moja ni chanya, nyingine hasi. Volti zikiongezwa, treni huenda kasi. Chanya na hasi zikibadilishana, treni hurudi nyuma. Utaratibu huu ni rahisi lakini una kasoro. Treni zote zilizo juu ya njia moja hutii amri moja, hivyo zikiwa mbili haziwezi kupishana wala kusubiriana. Aidha, njia ikijipinda na kurudi ilikotoka, reli chanya hukutana na reli hasi na kusababisha shoti.

Ufumbuzi wake ni kuikata njia katika sehemu nyingi zilizotengwa kwa umeme, kila moja ikiwa na swichi ya kuiunganisha na kidhibiti cha mwendeshaji mmoja. Katika reli kubwa yenye waendeshaji kadhaa, kazi ya kufungua na kufunga swichi hizo kwa mkono kadiri treni inavyosonga huchosha, na kosa moja huleta mgongano.

TMRC ililivalia njuga tatizo hili kwa namna isiyokuwa na mfano. Kazi za klabu ziligawanyika pande mbili. Upande mmoja walikuwa waliopenda kuunda mabehewa, kuyapaka rangi na kupamba mandhari. Upande wa pili ilikuwa Kamati Ndogo ya Ishara na Nguvu (Signals and Power), iliyojulikana kwa herufi S&P, iliyoshughulika na kila kilichokuwa chini ya meza. Mlezi wa klabu ndiye aliyekuwa pia msimamizi wa mfumo wa simu wa chuo, na vifaa vingi vilipatikana kwa msaada wa kampuni ya Western Electric kupitia mpango wake wa zawadi kwa vyuo. Kwa hiyo S&P walijenga reli yao kwa viungo vya mitambo ya simu.

Kiungo kikuu kilikuwa rilei, yaani swichi inayofunguliwa na kufungwa kwa sumaku ya umeme. Mwendeshaji alizungusha namba kwenye kibao kilichotolewa kwenye simu ya zamani, kama mtu anayempigia mwenzake. Rilei zikapokea namba hiyo na kumkabidhi sehemu ya njia aliyoitaka. Watu kadhaa waliweza kuendesha treni zao kwa wakati mmoja, hata juu ya sehemu mbalimbali za njia ileile. Kufikia mwaka 1962 mfumo ulikuwa na rilei zipatazo 1,200.

Uzito wa kazi hii huonekana vizuri mtu akijua rilei zinaweza kufanya nini. Zikipangwa kwa mfuatano, umeme hupita pale tu zote zinapofungwa. Zikipangwa sambamba, hupita hata ikifungwa moja. Claude Shannon alionyesha katika tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1937, iliyoandikwa MIT hapohapo, kwamba saketi za rilei zinaweza kufuata kanuni za mantiki ya Boole, yaani mantiki ya kweli na si kweli. Mwanafunzi aliyepanga rilei ili sehemu ya njia ifunguke ikiwa tu haina treni nyingine, na swichi ya kubadilisha njia iliyo mbele imeelekezwa sawasawa, alikuwa tayari anaandika masharti kama yale yanayoandikwa katika programu.

Usalama nao ulifikiriwa. Sehemu mbalimbali za chumba ziliwekwa swichi za dharura, ambazo mtu yeyote aliweza kuzibonyeza akiona treni inakwenda kasi kuelekea kizuizi. Kwenye ubao wa mwongozaji wa treni palikuwa na saa ya tarakimu iliyoendeshwa kwa rilei, jambo la kustaajabisha zama hizo. Swichi ya dharura ilipobonyezwa, saa ilisimama na mahali pa tarakimu pakatokea herufi FOO. Tangu hapo swichi hizo zikaitwa swichi za Foo.

Mwanachama mpya alipata ufunguo wake wa chumba baada tu ya kuifanyia kazi reli kwa saa 40. Baadaye uendeshaji uliingizwa kwenye kompyuta ya PDP-11 ya kampuni ya DEC.

Mandhari

Palikuwa na miji, vilima na stesheni za kubuni.

Wanachama na kompyuta

Mwaka 1958 kompyuta ya TX-0, iliyoundwa na Maabara ya Lincoln kwa transista badala ya valvu, ililetwa MIT na kuwekwa katika Jengo la 26. Tofauti na kompyuta ya IBM 704 iliyokuwa katika jengo hilohilo, ambayo wanafunzi hawakuruhusiwa kuigusa, TX-0 ilitumiwa na mtu mwenyewe akiwa ameketi mbele yake. Jack Dennis, aliyewahi kuwa mwanachama wa TMRC, aliwafungulia mlango vijana wa S&P. Miongoni mwao walikuwa Alan Kotok, Peter Samson na Bob Saunders. Walijiandikisha kwa saa za usiku, wakati mashine ilipokuwa na nafasi. Samson aliandika programu ya kuifanya itoe muziki.

Mwaka 1961 DEC iliipa MIT kompyuta ya PDP-1. Juu yake Steve Russell aliandika mchezo wa Spacewar!, uliokamilika mwaka 1962, kutokana na wazo alilolijenga pamoja na Martin Graetz na Wayne Wiitanen. Vyombo viwili vya angani huzunguka nyota na kurushiana makombora. Samson aliongeza ramani ya nyota halisi za angani. Kotok na Saunders waliunda visanduku vya kuongozea vyombo hivyo kwa vipuri vya chumba cha reli. Wachezaji wa moja ya michezo ya mwanzo ya kompyuta duniani walishika mikononi vipuri vilivyotoka katika akiba ya treni. Kotok baadaye alikuwa mmoja wa wahandisi wakuu wa DEC, akishiriki kuunda PDP-6 na PDP-10.

Msamiati

Samson alikusanya kamusi ya maneno ya klabu mwaka 1959. Yamo maneno hack na foo, ambayo baadaye yalienea katika lugha ya wanakompyuta.

Reli ya N52

Jengo la 20 lilibomolewa mwaka 1998, na reli ya kwanza haikuweza kuhamishwa nzima. Mahali pa jengo hilo pakajengwa Kituo cha Stata, kilichosanifiwa na Frank Gehry na kufunguliwa mwaka 2004. Klabu ilihamia jengo la N52 na kuanza upya, tena kwa skeli ya HO. Reli mpya inaonyesha miaka ya 1950, wakati treni za mvuke na za dizeli zilipokuwa zikitumika pamoja, na udhibiti wake umetoka kwenye rilei ukaingia kwenye vidhibiti vidogo vya kielektroniki.

Kivutio chake kikubwa ni mfano wa Jengo la Green, ghorofa refu la chuo hicho. Kila dirisha limewekewa taa, na madirisha yote kwa pamoja yametumika kama skrini ya kuchezea Tetris. Mpita njia aliyesimama nje aliweza kuucheza kupitia dirisha la chumba. Mwaka 2012 mchezo huo ulichezwa pia juu ya madirisha ya jengo lenyewe.

Umuhimu

Mwandishi Steven Levy aliipa klabu nafasi ya mbele katika kitabu chake Hackers cha mwaka 1984, na tangu hapo TMRC hutajwa mara nyingi zaidi katika historia ya kompyuta kuliko katika historia ya reli za mfano. Mizani hiyo haiitendei haki reli yenyewe. Kabla ya kugusa kompyuta, vijana wa S&P walikuwa wamekwisha kubuni, kuunganisha na kurekebisha mashine ya mantiki ya rilei kwa ajili ya kuwezesha treni ndogo kupishana salama, na waliifanya kazi hiyo kwa mapenzi, nje ya masomo na bila malipo. TX-0 iliwakuta wakiwa wahandisi tayari.