Vyombo vya Makina na Ushahidi Wake

Katika filamu ya katuni The Brave Little Toaster, iliyotoka Marekani mwaka 1987, kibaniko cha mkate, redio, taa, blanketi na kifyonza vumbi vinaachwa katika nyumba ya mashambani, navyo vinafunga safari kwenda mjini kumtafuta bwana wao. Watoto huipenda kwa vituko, ila ndani yake imo hofu ya jamii iliyozoea kununua na kutupa. Makina, kitongoji cha Wanubi huko Kibera, Nairobi, kina historia iliyogeuka kinyume. Hapo vyombo vilitulia nyumbani, na wenye nyumba ndio waliotakiwa kuhama.

Wanubi hao ni wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia Waingereza Uganda, kisha katika jeshi la King's African Rifles. Walianza kukaa Kibera mwaka 1904 hivi, na mwaka 1918 eneo hilo la ekari zipatazo 4,000 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Hatimiliki hawakupewa. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyoundwa mwaka 1932, iliwahesabu kuwa wapangaji wa serikali tu, wasio na haki ya kudumu. Nyumba za mawe hawakuruhusiwa kujenga. Wakajenga za udongo, kisha udongo huohuo ukatumiwa kuwaonyesha kama wapita njia. Hila hiyo ni ya kuudhi: unamkataza mtu kujenga, halafu unamshtaki kwa kutojenga. Kwa hiyo anayetaka kujua kama watu wa Makina walikuwa na makao, asiangalie kuta. Aangalie tabaga, yaani kawa la rangi nyingi ambalo wanawake wa Kinubi husuka kwa mkono kufunikia chakula. Kazi hiyo ni ya siku nyingi na ustadi wake hurithishwa na mama kwa binti. Chombo cha namna hiyo hakisukwi na mtu aliyefunga virago.

Atatokea mtu wa kupinga: tabaga husukwa hata Bombo, Uganda, penye Wanubi wengine, litathibitishaje haki ya ardhi Kibera? Kweli, halionyeshi mpaka wa shamba, na hakimu asingelipokea badala ya ramani. Linachothibitisha ni jambo jingine, ambalo serikali ya kikoloni ilijitahidi kulisahau: kwamba palikuwa na kaya, zenye meza, wageni na arusi, wala si kambi ya wanajeshi wastaafu wanaosubiri kuondoka. Maofisa wenyewe walilikiri hilo bila kukusudia. Walilalamika miaka nenda miaka rudi juu ya pombe kali ambayo wanawake wa Kibera waliipika na kuwauzia watu wa mji, hadi ikajulikana kama jini ya Kinubi. Si sifa ya kujivunia misikitini, lakini vyungu vya pombe hiyo vilikuwa vyombo vya nyumbani vilevile, na vilisomesha watoto. Malalamiko ya ofisa ni ushahidi mzuri, kwa kuwa hakukusudia kumtetea mtu.

Vyombo hivi vinastahili katuni yao. Wengine watasema katuni ni mchezo wa watoto, haifai kubebeshwa mzigo wa ardhi. Lakini hofu ya kutupwa iliyomo katika filamu ile ni ya watu wazima, na haikuwazuia watoto kucheka. Tena ufundi tunao: Tinga Tinga Tales, mfululizo wa katuni ulioanza kuonyeshwa mwaka 2010, ulitengenezwa Nairobi. Mwaka 2017 Wanubi walipewa hatimiliki ya ekari 288, sehemu ndogo sana ya zile 4,000, na wazee wanaojua kila chombo kilitoka wapi wanazidi kupungua. Wachoraji wa katuni wa Nairobi waache kuiga vibaniko vya mkate. Wabishe hodi Makina, waketi na wasukaji, na wawalipe ipasavyo kwa hadithi watakazopewa.