Jembe, Ufagio na Bendera

Shule inawezaje kuishi kwa kutunza mazingira, isiishie kuyafundisha ubaoni? Tanzania ililijibu swali hilo kwa jembe, Japani kwa ufagio, na Denmark pamoja na wenzake wa Ulaya kwa bendera. Majibu hayo yamezaliwa katika historia zisizofanana, na kila moja lina hekima ambayo mengine mawili yanaihitaji.

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na shamba hilo liwe sehemu ya masomo yenyewe. Mbolea ielezwe katika somo la sayansi na itumike shambani. Matuta ya kuzuia mmomonyoko yafundishwe darasani na yachimbwe kwa mikono. Tena alionya shule zisipewe mashine za kisasa ambazo mkulima wa kijijini hawezi kuzipata, maana mwanafunzi angejifunza kilimo asichoweza kurudi nacho nyumbani. Hapo neno mazingira halikutajwa kama somo la pekee, lakini ardhi, chakula na jasho vilifungwa pamoja.

Japani ilianzia kwingine. Mlo wa shule ulianza mwaka 1889 huko Tsuruoka, kwa ajili ya watoto wa familia maskini. Mwaka 1954 ukapata sheria yake, na sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2008 iliongezewa malengo ya kuheshimu uhai, maumbile na kazi ya wanaozalisha chakula. Ukitazama darasa la shule ya msingi wakati wa chakula cha mchana, utaona watoto wa zamu wamevaa makoti meupe na kofia wakiwapakulia wenzao. Mwalimu wao hula chakula kilekile katika chumba kilekile. Katika shule nyingi, wakishamaliza, paketi za maziwa husuuzwa, hufunguliwa na kuanikwa ili zikatumike upya. Kisha hufuata usafi: madarasa, korido, hata vyoo, na mara nyingi mwalimu naye hushika kitambaa.

Mtanzania aliyesoma shule ya msingi hawezi kuyashangaa hayo. Naye alifika asubuhi na ufagio wa chelewa mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili. Akafagia uwanja, akamwagilia miche, kisha ndipo akaingia paredi. Waraka wa 1967 ulitaka hata wanafunzi wa sekondari wafanye wenyewe sehemu kubwa ya usafi wa shule zao. Kwa hiyo tofauti ya nchi hizi mbili haiko katika kazi. Iko katika nani anaifanya pamoja na mtoto, na kwa sababu gani. Huko Japani usafi haujatengwa kwa wakosaji. Una saa yake katika ratiba kama hesabu. Kwetu, katika shule nyingi, jembe liligeuka adhabu: aliyechelewa namba alipelekwa kulima, na mwalimu wa zamu akasimamia akiwa kivulini. Waraka ulikusudia kujenga heshima ya kazi, ilhali adhabu ilifundisha kwamba kazi ni fedheha.

Jibu la tatu ni changa zaidi. Mpango wa Shule za Mazingira ulianza mwaka 1994 katika nchi chache za Ulaya, Denmark ikiwemo, miaka miwili baada ya Mkutano wa Rio kuhusu mazingira na maendeleo. Hauanzii shambani wala jikoni, unaanzia kwenye kikao. Wanafunzi na walimu huunda kamati, hukagua maji, umeme na taka za shule yao, huandika mpango wa utekelezaji, hupima matokeo na kuyaunganisha na mtaala. Shule ikifaulu hupewa Bendera ya Kijani. Mpango huo umekwisha kuvuka bahari. Kenya na Uganda wanao. Nguvu yake ni kwamba mtoto huuliza, huhesabu na huamua. Kule Japani, kwa kulinganisha, ratiba ya zamu hupokewa zaidi kuliko inavyojadiliwa. Lakini kamati nayo ina upungufu wake: inaweza kusoma mita ya umeme kwa umakini mkubwa bila mjumbe wake yeyote kuinama kuokota taka.

Hata hivyo, sauti ya mtoto si mali ya Ulaya peke yake. Nyerere alidai wanafunzi washiriki kuamua juu ya shamba lao na waone faida ya walichozalisha. Sehemu hiyo ya waraka ndiyo iliyosahaulika upesi zaidi.

Leo mahali pa kuzikutanisha hekima hizi tatu ni jiko la shule. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi badala ya kuni na mkaa ifikapo 2034, na shule zenye masufuria makubwa haziwezi kubaki nyuma. Mitungi ya gesi ikiletwa na kufungwa wanafunzi wakiwa darasani, moshi utapungua, lakini somo litakuwa limepotea. Ila wanafunzi wakipima kuni za wiki moja, wakapiga hesabu zake katika kipindi cha Hisabati, wakapeleka hoja yao kwenye bodi ya shule, wakapanda miti na kuitunza wakiwa na walimu wao bega kwa bega, jiko litakuwa limefundisha kuliko kitabu. Kazi bila sauti huzaa utii tu, na sauti bila kazi huishia kwenye ripoti. Mwalimu asiyeinama pamoja na wanafunzi wake huwafundisha kuisubiri siku ambayo nao hawatainama tena.