Kiendeshi

Kiendeshi, kutoka kitenzi endesha, ni programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa fulani. Katika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, viendeshi hupangwa kwa kazi: vya saa vina saraka yao, na vya sauti vina yao. Lakini chipu kama TWL4030 hugawa umeme, hutunza saa, hucheza sauti na kusoma vitufe. Kiendeshi chake kikae wapi? Sehemu ya pamoja huwekwa kwenye saraka iitwayo mfd. Kila kazi hubaki na kiendeshi chake, kwenye saraka ya wenzake. Mpango huu ni wa haki: msimbo wa saa hukaguliwa na wajuzi wa saa. Ukirundikwa wote mahali pamoja, kasoro hupita bila kuonekana.