Kimo cha Mwendeshaji: Ufundi wa Kushusha Pikipiki Kiamunyi

Kiamunyi, mtaa ulio kaskazini-magharibi mwa jiji la Nakuru kwenye barabara iendayo Kabarak na Eldama Ravine, umekaa juu ya udongo mwepesi wa majivu ya volkano ya Menengai, udongo ambao vumbi lake hutajwa mara nyingi kuwa ndilo asili ya jina Nakuru katika lugha ya Kimaasai. Kiangazi njia za ndani ya mtaa huwa unga mtupu, na masika maji huzichimba mifereji. Kwa hiyo mwendeshaji wa bodaboda anaposimama ili abiria ashuke, usalama wa wote wawili hutegemea kama nyayo zake zinafika chini. Haja ya kushusha pikipiki, yaani kupunguza urefu wa kiti kutoka ardhini ili mtu mfupi aimudu, hueleweka vizuri zaidi mahali kama hapo.

Haja hiyo ni ya zamani kuliko pikipiki yenyewe. Biashara ya bodaboda ilizaliwa kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia na Malaba, katika miaka ya 1960 na 1970, na ilipoenea mijini ilitumia baiskeli nzito nyeusi ambazo Wakenya waliziita Black Mamba. Baiskeli hiyo haikumtesa mtu mfupi, kwa kuwa nati moja ililegezwa, bomba la kiti likateremshwa, nati ikakazwa tena. Na mtoto ambaye hata hapo hakufika aliendesha kwa kupitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu la fremu, mwili ukiwa umeinama upande mmoja na kiti kikiwa kitupu juu ya bega lake. Mazoea hayo, kwamba chombo ndicho humfuata mtu, ndiyo urithi mkubwa ambao baiskeli iliiachia pikipiki.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye pikipiki zenye injini chini ya sentimita za ujazo 250, na baada ya hapo Bajaj Boxer, TVS na nyinginezo zilienea haraka. Pikipiki hizo hazina bomba la kiti la kuteremshwa. Zaidi ya hayo, biashara ilizivuta juu: mwenye pikipiki anayetaka ibebe magunia hukaza springi za nyuma, na mara nyingi hakubali kitu chochote kikatwe, kwa sababu kesho ataikabidhi kwa mwendeshaji mwingine mrefu zaidi au ataiuza. Fundi hulazimika kutafuta njia inayoweza kurudishwa nyuma.

Njia nyepesi ni kuzungusha pete yenye ngazi iliyo kwenye shoki, yaani kifaa cha springi kinachomeza mitikisiko ya gurudumu la nyuma, ili springi ilegee na pikipiki iketi chini kidogo mtu anapoipanda. Njia inayofuata ni kupunguza sponji ya kiti, hasa kingo za mbele, maana upana wa kiti humnyima mtu urefu wa mguu kuliko wengi wanavyodhani. Mwendeshaji asipofika hata hapo, hufungwa shoki fupi zaidi, na hapo ndipo kazi huharibika mikononi mwa asiyejua: nyuma ikishuka peke yake, usukani huwa mzito kugeuka na taa humulika juu, kwa hiyo mabomba ya foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, hupandishwa ndani ya vibano vyake kwa kiasi kinacholingana, na mvutano wa mnyororo hukaguliwa upya. Kukata koili za springi, njia rahisi kuliko zote, hakustahili kuitwa ufundi, kwa sababu springi iliyokatwa huwa ngumu na safari yake hufupika, na pikipiki yenye abiria hugonga chini katika kila shimo.

Stendi ya pembeni nayo hubaki na urefu wake wa kiwandani, na pikipiki iliyoshushwa husimama wima kupita kiasi hata upepo wa lori ukaiangusha. Mwendeshaji anayeletewa pikipiki iliyoshushwa na aitazame stendi kwanza, kabla ya kumlipa fundi.