Kesi ya Wakisii London: Unapomkabidhi Wakili wa Ng'ambo Haki Yako

Kazi ya sheria kuvuka mipaka ina sura mbili. Ya kwanza ni ya kampuni kubwa za Ulaya na Marekani zinazowapa wanasheria wa nchi kama India kazi ya kupitia mikataba na kupanga nyaraka, kwa sababu huko gharama ni nafuu. Ya pili ndiyo inayotugusa sisi: raia wa kawaida kumkabidhi wakili wa nchi nyingine kesi yake. Wako watu wa Kisii na Nyamira walioipitia hii ya pili, na yaliyowafika yana funzo hata kwetu Pwani.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilifika kwenye mashamba ya majani chai ya Kericho, yanayopakana na Nyamira. Wafanyakazi wa shamba la Unilever na jamaa zao, wengi wao Wakisii, walivamiwa. Kwa mujibu wa madai yao, watu saba waliuawa, wanawake wakabakwa na nyumba zikaporwa. Watu 218 walishtaki London kupitia mawakili wa huko, Leigh Day. Walidai kwamba kampuni tanzu ya Kenya na kampuni mama ya Uingereza zilishindwa kuwalinda.

Kwa nini London? Kampuni mama iko kule, na wadai walihofia kulipiziwa kisasi wakishtaki hapa. Hata majina yao yalifichwa mahakamani.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Uingereza iliwakatalia. Tarehe 4 Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo, ikisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kampuni mama ndiyo iliyopanga usalama wa shamba la Kenya. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya huko ikakataa kusikiliza rufaa. Kesi ilikwama mlangoni, ushahidi wa waathiriwa wenyewe haujasikilizwa.

Wengine walifaulu. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau. Wakili wao alikuwa yuleyule, Leigh Day. Lakini kesi ya pili ya Wakenya zaidi ya 40,000, iliyoendeshwa na mawakili wengine, ilianguka mwaka 2018 kwa sababu ya muda kupita.

Muda ndio unaowaponza wengi. Sheria ya Kenya inampa aliyedhurika miaka mitatu tu kudai fidia, na mahakama ya Uingereza kwa kawaida hufuata muda wa nchi ambako jambo lilitokea. Kwenda ng'ambo hakurudishi siku zilizopotea.

Suala la malipo nalo lina mtego. Uingereza inaruhusu makubaliano ya kutolipa mpaka ushinde, na sehemu ya ada hiyo yaweza kukatwa kwenye fidia yako. Hapa Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakitambui makubaliano ya namna hiyo. Tena wakili wa Uingereza hawezi tu kuja kusimama mbele ya jaji wa Kisii au Mombasa. Lazima apewe idhini ya Mwanasheria Mkuu kwa kesi maalumu, na aagizwe na wakili wa hapa.

Basi kabla ya kutia sahihi au kidole gumba, uliza haya. Je, wakili huyo yumo kwenye orodha rasmi ya mawakili wa nchi yake? Atakata kiasi gani tukishinda? Tukishindwa, nani atalipa gharama za upande wa pili? Mkataba umeandikwa kwa lugha ninayoielewa, na nakala yangu iko wapi? Na je, nyumbani nimejaribu?

Swali la mwisho si dogo. Wakaazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika kwa sumu ya risasi, walishtaki hapahapa. Mwaka 2020 walipewa shilingi bilioni 1.3, wakapokonywa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikawarudishia tuzo hiyo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa sheria naye akaribishwe, lakini mwenyeji ashike mwenyewe nakala ya mkataba na kalenda ya siku zake.