Kutambua Magonjwa ya Zinaa: Kutoka Njia ya Misafara hadi Zahanati

Katika karne ya 19 Itetemia ilikuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, na jirani yake Tabora, iliyoitwa pia Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa vijana wa Kinyamwezi waliokaa miezi mingi mbali na kwao, na magonjwa ya zinaa yalisafiri katika njia za namna hiyo. Yalitambuliwa kwa macho: kisonono kwa usaha, kaswende kwa kidonda, mtoki kwa uvimbe wa kinena.

Macho yalidanganywa na buba. Huu si ugonjwa wa zinaa. Huwapata hasa watoto kwa kugusana ngozi, ila vidonda vyake hufanana na vya kaswende, na vijidudu vya magonjwa hayo mawili ni ndugu wa karibu. Hata kipimo cha damu cha Wassermann, cha mwaka 1906, hakikuweza kuyatenganisha. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alitangaza kwamba kaswende imeenea kupita kiasi Uganda. Baadaye wataalamu waliona kuwa wengi wa wagonjwa wale huenda hawakuambukizwa kwa zinaa kabisa. Jamii nzima ilikuwa imekwisha kubebeshwa aibu isiyo yake.

Kisonono kilikuwa chepesi kuthibitisha, walau kwa mwanamume. Tone la usaha hupakwa kwenye kioo, hukaushwa, hutiwa rangi kwa njia iliyobuniwa na Gram mwaka 1884. Kwenye hadubini bakteria huonekana wawili wawili, wekundu, wenye umbo la punje za maharage, ndani ya chembe za usaha. Lakini hadubini huhitaji mtaalamu, na zahanati nyingi za vijijini hazikuwa naye.

Ndiyo maana Mwanza, kaskazini mwa Tabora, wahudumu walifunzwa kutibu kwa kufuata dalili, papo hapo, bila kusubiri maabara. Kwa kuwa magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa hurahisisha kuambukizwa virusi vya UKIMWI (VVU), utafiti ulipima pia faida hiyo: matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yamepungua kwa takriban asilimia 40, na hayo ni mafanikio ya kujivunia.

Ila dalili ni lazima ziwepo. Klamidia, na mara nyingi kisonono chenyewe, hukaa kimya mwilini mwa msichana huku vikiharibu mirija ya uzazi. Msichana huyo haji zahanati, na akija kwa jambo lingine haulizwi. Vipimo vya vinasaba huvikuta vijidudu hivyo hata kwenye mkojo, bila kidonda wala usaha, lakini gharama ya vipimo hivyo bado inaviweka mbali na zahanati nyingi za vijijini.